Namna ya kumfundisha mtoto kumeza vidonge: mwongozo kamili kwa mzazi

Wazazi wanaoshindwa kazi hii karibu wote wanaanzia palepale. Dawa ni ile halisi, saa ya dozi imefika, mtoto anaumwa, kichwa kimeinuliwa juu, na mama au baba kashika kikombe anahesabu moja, mbili, tatu. Maji yanashuka, kidonge kinabaki. Kinaanza kuyeyuka ulimini, uchungu unajaa mdomo mzima, mtoto anatema. Kesho yake akiiona pakiti tu, analia.

Wengi huita huo ukaidi. Mimi naona mtoto amejifunza vizuri sana, ila alichojifunza ni kwamba kidonge ni kichungu na kinakwama.

Mwongozo huu unapindua mpangilio huo. Mtoto atajifunza kumeza siku ambayo hakuna dozi inayomsubiri, kwa vitu vya kuliwa, akianza na kitu kidogo mno kuliko unavyodhani kinahitajika. Dawa yenyewe inakuja mwisho kabisa.

## Je, mtoto wako yuko tayari?

Watoto wengi wanaweza kuanza wakiwa na miaka minne hadi sita. Lakini umri peke yake haukuambii kitu. Angalia kama anaweza kukaa ametulia kwa dakika kumi, kama anafuata maelekezo mawili yanayofuatana ("weka ulimini, kisha unywe"), na kama anakunywa kwenye kikombe bila kupaliwa. Akiwa na hayo matatu, anza.

Kwa baadhi ya familia jambo hili lina muda wake, na muda wenyewe hupimwa kwa mizani ya kliniki. Mtoto anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huanza na vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Dolutegravir ya miligramu 50, ambacho ni kidonge cha watu wazima, huruhusiwa kuanzia kilo 20, na TLD, kile kidonge kirefu chenye dawa tatu ndani yake, kuanzia kilo 30. Kwenye kifua kikuu, vidonge vya watoto vinavyoyeyuka huishia chini ya kilo 25. Kuanzia hapo ni vya wakubwa. Kama mwanao ana kilo 18 leo, mazoezi yaanze leo. Usisubiri siku muuguzi atakapokukabidhi kopo jipya.

Usianze nyumbani, muone daktari kwanza, ikiwa mtoto:

- hupaliwa mara kwa mara anapokunywa maji au kula;
- ana mtindio wa ubongo au ugonjwa mwingine unaoathiri misuli ya mdomo na koo;
- ana mafindofindo yaliyovimba kwa sasa, vidonda mdomoni au koo linalouma;
- degedege au kifafa chake bado hakijatulia.

## Vitu vya kuandaa

Maji ya kunywa, ya kawaida. Yakiwa baridi sana mtoto hunywa kidogokidogo, na hapa tunataka funda kubwa.

Kikombe chenye mdomo mpana. Kwenye kikombe chembamba, pua inagota ukingo na mtoto analazimika kurudisha kichwa nyuma. Hilo hatulitaki, na sababu utaiona mbele.

Chupa laini ya maji ya nusu lita, ya plastiki inayobonyea. Ni ya hatua ya tano tu.

Kitu kizito kinachoteleza: mtindi, uji laini, ndizi mbivu iliyopondwa au parachichi. Waliokulia Dodoma na Singida wanajua tonge la ugali na mlenda linavyoshuka bila kutafunwa. Mlenda nao unafaa.

Vitu vya mazoezi, kwa ukubwa unaopanda:

1. Chembe za sukari za kupambia keki, zile za duara kama milimita mbili. Maduka ya vifaa vya keki huzipima kwa gramu.
2. Punje ya wali ulioiva.
3. Choroko iliyopikwa hadi ikalainika.
4. Kunde iliyopikwa hadi ikalainika.
5. Peremende ndogo yenye umbo la kidonge, kwa mfano Tic Tac.

Kunde na choroko ni lazima ziive kiasi kwamba ukibonyeza kwa vidole viwili zinapondeka. Usitumie karanga, maharage makavu, bisi, mbegu za ubuyu wala shanga. Vikipita njia ya hewa haviyeyuki, na nafaka kavu huvimba kwa unyevu. Mtoto wa chini ya miaka minne asipewe kitu kigumu cha aina yoyote, hata hiyo peremende.

Usitumie dawa halisi kufanyia mazoezi, hata panado. Na usiwahi kumwambia mtoto kwamba dawa ni pipi. Siku utakapoliacha kopo mezani ataamini ulichomwambia.

## Maswali ya kumuuliza mfamasia kabla hujaanza

Pengine huna haja ya mazoezi kwa sasa. Uliza kama dawa hiyo ipo ya maji au ya kuyeyusha. Kwa mtoto wa miaka miwili hilo ndilo jibu, na mwongozo huu uhifadhi.

Uliza pia kama kidonge kinaweza kukatwa au kusagwa. Mstari katikati ya kidonge kwa kawaida humaanisha kinakatika. Kisipokuwa nao, usikate bila kuuliza. Kuna dawa ambazo hazisagwi kabisa. Herufi kama SR, XR, CR au MR kwenye jina zinaonyesha dawa imetengenezwa kutoka polepole. Ukiisaga, dozi ya saa nyingi inaingia mwilini kwa mkupuo. Zenye EC zina ganda la kuzilinda zisiyeyuke tumboni mapema. Vidonge vya lopinavir na ritonavir, ambavyo ni vya virusi vya UKIMWI, vikisagwa, mwili hupata dawa pungufu. Kapsuli za haidroksiurea, wanazotumia watoto wenye selimundu, hazifunguliwi nyumbani, kwa sababu unga wake una madhara kwa anayeushika, hasa mjamzito.

Swali la tatu ni chakula. Dawa ya mseto ya malaria (ALu) hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa na chakula chenye mafuta au maziwa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hutakiwa tumbo likiwa tupu. Madini ya chuma hayapatani na maziwa wala chai. Kwa hiyo ule mtindi wa mazoezini unaweza kuwa kosa siku ya dawa.

Na la nne: akitapika, arudie dozi au asirudie, na baada ya dakika ngapi? Kila dawa ina kanuni yake. Jibu liandike juu ya boksi.

Familia za Kiislamu wakati mwingine husita kuhusu kapsuli kwa sababu ya jelatini. Swali hilo nalo lipeleke kwa mfamasia mapema. Usiliache liibuke saa mbili usiku dozi ikiwa mkononi.

## Hatua ya 1: Maji matupu

Chagua saa ambayo mtoto ameshiba kiasi, hana usingizi na hakuna anayeharakisha. Mketishe wima kwenye kiti, miguu ikiguse chini au iwekewe kigoda. Televisheni izimwe. Ndugu zake wakubwa watoke, kwa sababu wakicheka naye atacheka, na anayecheka hupaliwa.

Mwambie: "Leo tunajifunza kumeza bila kutafuna. Hakuna dawa." Mwonyeshe pakiti ya chembe za sukari, azionje, ajue ni tamu.

Sasa apige funda moja kubwa la maji, ameze yote kwa mara moja. Kisha tena. Watoto wengi hunywa kwa kudonadona, na maji machache hayana nguvu ya kubeba kitu.

Imefanikiwa ikiwa: anameza mafunda matatu makubwa mfululizo, kila moja kwa mkupuo mmoja, kichwa kikiwa kimetazama mbele.

## Hatua ya 2: Wewe utangulie

Weka chembe moja ya sukari katikati ya ulimi wako, nyuma kidogo. Mfungulie mdomo aione. Kunywa, meza, fungua tena mdomo aone hakuna kitu. Usiseme mengi.

Kama na wewe huwezi kumeza vidonge, mtafute shangazi, mjomba au dada mkubwa anayeweza. Mtoto husoma uso wa mzazi kabla ya kusikia maneno yake, na uso wenye hofu unamwambia kila kitu.

Kisha mpe kioo kidogo, ajionee ulimi wake na mahali kitu kinapowekwa. Kikiwekwa kwenye ncha ya ulimi, safari ni ndefu na meno yako njiani. Kikisukumwa nyuma kabisa, atahisi kutapika. Katikati, nyuma kidogo: hapo.

## Hatua ya 3: Chembe ya kwanza

Kwanza anywe kidogo ili mdomo ulowe. Mdomo mkavu hushika kitu, hasa kapsuli, ambayo ganda lake hunata likigusa unyevu kidogo.

Aweke chembe ya sukari mwenyewe. Usimwekee wewe, mkono wa mtu mwingine mdomoni ndio unaoamsha kichefuchefu na woga. Apige funda kubwa, ameze. Mwache aendelee na funda la pili hata kama chembe imeshapita.

Akiuliza "imeenda?", mwambie afungue mdomo aangalie kwenye kioo. Swali hilo ni zuri: maana yake hakuisikia ikipita.

Kikomo: dakika kumi kwa siku, basi. Maliza kwa chembe iliyopita vizuri, hata kama ni moja tu. Mzazi anayeona mambo yamekwenda sawa hushawishika kuongeza, na hapo ndipo siku nzuri inapoharibika.

Imefanikiwa ikiwa: amemeza chembe tano, moja moja, bila kutema wala kutafuna. Kama aliitafuna, usimkaripie. Rudia.

## Hatua ya 4: Kupanda ukubwa

Hii ndiyo hatua ndefu, na wengi huikata. Mtoto amemeza chembe ya sukari Jumatatu, Jumanne anapewa kidonge kizima, Jumatano wamerudi walikoanza.

Panda ngazi moja tu kwa siku, na kila siku anza na ngazi ya jana. Akimeza punje tatu za wali bila shida, ndipo ajaribu nusu ya choroko, kisha choroko nzima. Kunde nayo ianze kwa nusu. Vitu vilivyopikwa vina ngozi laini na vinateleza, na mtoto anavijua, kwa hiyo nusu ya hofu haipo. Peremende inakuja mwisho kwa sababu ni ngumu na inafanana na dawa.

Akishindwa mara mbili kwenye ngazi moja, shuka ngazi moja chini, apate ushindi, funga kwa siku hiyo. Kurudi nyuma ni sehemu ya mazoezi. Usimbembeleze kwa "jaribu moja tu ya mwisho".

Mtoto ambaye maji yanapita na kitu kinabaki jaribu kumbadilishia kinywaji. Maji ni mepesi. Hukimbia na kukiacha kitu nyuma. Weka choroko kwenye kijiko cha mtindi au ndizi iliyopondwa, ameze kijiko chote bila kutafuna, kisha maji yafuate. Kijiko kiwe kidogo. Kikijaa, atatafuna tu.

Tia alama kwenye karatasi ukutani kila anapopanda ngazi. Zawadi ndogo zinafaa, lakini ziwe za kujaribu, si za kumeza tu. Mtoto anayekosa zawadi kwa sababu koo limegoma huona ameadhibiwa kwa kosa lisilo lake.

Imefanikiwa ikiwa: anameza kunde nzima au peremende mara tatu, siku mbili tofauti. Wengine hufika hapo kwa siku chache, wengine kwa wiki kadhaa.

## Hatua ya 5: Kichwa kikae vipi?

Tumezoea kuinua kichwa juu, na kwa vidonge vingi ndiyo namna mbaya kuliko zote. Kichwa kikirudi nyuma, koo linakazika na maji yanaweza kuingia njia ya hewa kabla mtoto hajajiandaa.

Kapsuli: kidevu kishuke. Kapsuli ni nyepesi, inaelea. Ukiinua kichwa, inaelea kuja mbele kwenye meno wakati maji yanakwenda nyuma. Aweke kapsuli ulimini, apige funda lakini asimeze bado, ainamishe kidevu kuelekea kifuani, kisha ameze akiwa ameinama hivyohivyo. Sasa kapsuli inaelea kwenda kooni. Mara ya kwanza inaonekana kama mchezo. Jaribu mwenyewe uone.

Kidonge: kichwa wima, au chupa. Kidonge ni kizito, kinazama kwenye maji. Kwa mtoto mdogo, kichwa kikitazama mbele na funda kubwa vinatosha. Kwa mtoto mkubwa zaidi, wa darasa la tatu au la nne kwenda juu, tumia chupa laini: ijaze maji, aweke kidonge ulimini, abane midomo kwenye mdomo wa chupa pasipite hewa, avute maji kwa nguvu na ameze papo hapo. Chupa ibonyee kwa ndani. Ikibonyea, amefanya sawa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, walizipima njia hizi mbili kwa watu wazima na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Zote mbili ziliwasaidia wengi wao kumeza kwa urahisi zaidi. Kwa mtoto, zifanyie mazoezi kwanza kwa maji matupu, kisha kwa choroko au kunde, kabla ya dawa.

Wapo wanaomeza vizuri wakigeuza kichwa kushoto au kulia. Mwache ajaribu pande zote na achague.

## Hatua ya 6: Dawa halisi

Kama dawa ziko zaidi ya moja, anza na ndogo. Mtoto wa selimundu anayetumia asidi ya foliki kila siku ana bahati hapo: kile kidonge kidogo ndicho cha kufungulia njia, kapsuli ifuate baadaye.

Mwambie ukweli: "Hii ni dawa. Ni ndogo kuliko ile kunde uliyomeza jana." Ziweke pamoja kwenye kiganja azilinganishe kwa macho yake.

Utaratibu usibadilike hata kidogo. Kiti kilekile, kikombe kilekile. Mdomo ulowe, kidonge katikati ya ulimi, funda kubwa, kumeza, funda la pili. Afanye haraka. Kidonge kisicho na ganda huanza kutoa uchungu mara tu kikigusa mate, na mtoto akisitasita kwa sekunde kadhaa ameshaionja. Kwa dawa chungu sana, kijiko cha ndizi kabla na baada husaidia, kama mfamasia ameruhusu.

Kisha anywe nusu kikombe cha maji na abaki wima kwa angalau dakika kumi. Kidonge kilichokwama kwenye umio kinaweza kuuchoma. Kwa hiyo dawa ya usiku imezwe kabla ya kupanda kitandani, wala isimezwe kwa mate.

Vidonge vikiwa vingi, ameze kimoja kimoja. Anayetupia vitatu kwa pamoja ni shangazi yake, si yeye.

Imefanikiwa ikiwa: dozi imepita bila kulia wala kushikwa. Siku akigoma na dozi haiwezi kusubiri, mpe kwa njia ya zamani mliyokuwa mkitumia, kama dawa inaruhusu, na mazoezi yaendelee kesho. Mazoezi yasiwe sababu ya kukosa dozi.

## Mambo ya kutofanya kamwe

Usimbane pua. Usimlaze chali. Usimpe dawa akiwa analia, maana anayelia anavuta hewa kwa nguvu na kidonge kinaweza kuifuata. Usimshike kwa nguvu watu wawili. Dozi moja itapita, lakini zote zinazofuata utazipigania.

## Akipaliwa

Anayekohoa kwa sauti bado anapumua. Mwache akohoe, mwinamishe mbele, usimpe maji, usimpige mgongoni.

Asipoweza kukohoa, kulia wala kusema, njia ya hewa imeziba. Kwa mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja, mwinamishe mbele na umpige mara tano kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisipotoka, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, uvute kwa ndani na juu mara tano. Rudia kwa zamu, huku mtu mwingine akitafuta usafiri au gari la wagonjwa. Usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani. Akipoteza fahamu, mlaze chini na anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi kama umefundishwa, mpaka msaada ufike. Baada ya kuvutwa tumbo hivyo, apimwe hospitali hata kama anaonekana mzima.

## Matatizo yanayorudi mara kwa mara

Anahisi kutapika kabla kitu hakijafika kooni. Anakiweka nyuma mno, au anakitazama kwa muda mrefu. Sogeza mbele kidogo, na aanze kumeza mara tu kikigusa ulimi.

Anasema kimekwama wakati kimeshapita. Hutokea. Koo hukumbuka mguso. Mpe maji na kipande cha mkate au ndizi. Kama maumivu yanaendelea au hawezi kumeza mate, nenda hospitali.

Anaficha kidonge shavuni. Kagua mdomo kila siku bila kumshutumu, na uhesabu vidonge vilivyobaki. Kwa dawa za kila siku hili ni zito, na mhudumu wa kliniki anapaswa kuambiwa ukweli. Akidhani dozi zote zimemezwa, anaweza kubadilisha dawa isiyo na kosa.

Mwezi mzima, bado yuko kwenye punje ya wali. Peleka taarifa hiyo kliniki, ikiwa na karatasi yako ya alama. Watajua kama ni suala la koo, la woga, au la dawa kubadilishwa umbo.

Akishaweza, mjulishe mfamasia, kwa sababu anaweza kumhamisha kutoka chupa ya sirapu hadi kidonge ambacho hakihitaji friji wala kupimwa kwa kijiko. Na kama kwa sasa hana kidonge cha kumeza kizima kila siku lakini TLD inamsubiri kilo chache mbele, ameze kunde moja kila Jumamosi, akitumia kikombe kilekile.